Gramu Hamsini

Darasani siku hiyo moshi ulikuwa mwingi kuliko sayansi. Alfayo Ombui alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo ya Kidato cha Pili, anapuliza makaa. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya maji, na ndani ya maji vilisimama vichupa vinne vya penisilini alivyoviomba zahanati. Katika kila kichupa alikuwa ametia jani la malenge lililolowekwa kwenye chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa sababu kitabu kilisema spiriti, na shule ya harambee haikuwa na spiriti wala dalili ya kuipata. Alfayo alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Kila mwaka, muhula wa kwanza, alikwenda mwenyewe kwa mama mpika chang'aa mchana kweupe na kurudi na chupa mkononi bila kuificha. Kila mwaka mchungaji alimwuliza, naye alimjibu kwamba ile ilikuwa ya majani.

"Rangi ya kijani itatoka," aliwaambia wanafunzi. "Halafu tutatia iodini. Jani lenyewe litatuambia kama leo lilipika chakula au halikupika."

Kichupa kimoja kilipasuka. Hakuna aliyeshtuka, maana kila somo lilikuwa na kichupa chake cha kupasuka. Jani la kwanza lilipoguswa na iodini likaanza kuiva weusi wenye buluu, na wanafunzi thelathini na wanane wakanyamaza huku machozi ya moshi yakiwatiririka. Kwa ajili ya kimya kile Alfayo alikuwa amefundisha miaka kumi na mitatu.

Juu ya meza karibu na ubao ilisimama mizani yake. Mkono wake ulikuwa ufito wa mkaratusi, sahani zilikuwa vifuniko vya mikebe ya mafuta ya Kimbo, na mawe ya kupimia yalichongwa kwa jiwe la sabuni la Tabaka: gramu tano, kumi, ishirini, hamsini na mia. Aliyachonga mwenyewe, likizo baada ya likizo, akiyapeleka Kisii kwa Mhindi mwenye duka la dawa, aliyemruhusu kuyajaribu kwenye mizani yake ya shaba wateja wakipungua. Jiwe likizidi, Alfayo alilisugua kwa msasa. Likipungua, alilitupa na kuanza jingine. Lile la hamsini alilitupa mara sita.

Karani alichungulia dirishani. "Mwalimu, Mkuu anakuita. Barua imekuja."

Alfayo hakuuliza barua gani. Alinawa mikono kwa maji ya sufuria, akaenda.

Mkuu wa shule, Bwana Onsongo, alikuwa ameikunja barua mara mbili na kuiwekea kikombe cha chai juu. "Kaa, Mwalimu. Ile kozi ya sayansi mpya imefika kwetu."

Alfayo alikaa. Kozi yenyewe aliijua kuliko alivyoyajua majina ya watoto wake. Miezi sita Nairobi, mwaka mmoja Uingereza, na anayerudi anatoka daraja la ualimu la P1 na kupanda S1, anakuwa mshauri wa sayansi wa shule nyingi. Mwaka wa sitini na tano nafasi kama hiyo ilikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Mwaka wa sitini na nane ilikwenda kwa Onsongo mwenyewe, aliyekaa wiki tatu akarudi na kofia. Alfayo aliambiwa mvumilivu hula mbivu. Sasa ilikuwa sabini na moja, fomu ilisema umri usizidi miaka arobaini, na yeye angetimiza arobaini mwezi wa Novemba. Hakukuwa na mbivu nyingine nyuma ya hii.

"Wameita majina mawili kwa mahojiano," alisema Onsongo. "Lako na la Ogari."

Manasseh Ogari alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifundisha jiografia, na biolojia kidogo pale mtu alipougua. Mama yake alikuwa dada wa Mzee Obwocha, mwenyekiti wa kamati ya shule, na mlima uliobeba shule ile ulikuwa wa ukoo wao.

"Ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Saa tatu asubuhi, Kisii mjini."

Alfayo alitazama kikombe. Chai ilikuwa imeacha duara juu ya barua. "Mkuu, unajua mimi ni Msabato."

"Nani asiyejua? Mlima wote unajua."

"Haiwezekani kuwaandikia wanipe siku nyingine?"

"Mwalimu, serikali haina Sabato. Ina Jumatatu mpaka Jumamosi saa sita. Ukikataa, umekataa."

"Sijakataa. Nauliza kama kuna njia."

"Njia ni hiyo barabara ya Masimba kwenda Kisii," alisema Onsongo, akainua kikombe. "Jumamosi, saa tatu."

"Na Ogari? Yeye pia ni Msabato."

"Ogari ataamua yake."

Nyumbani Persis, mkewe, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Walipooana alikuwa mwimbaji, na bado alikuwa na tabia ya kusubiri zamu yake.

"Ise Kemuma," alisema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, "ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mnafanyaje?"

"Tunamtoa."

"Basi. Wewe uko kisimani miaka kumi na mitatu."

"Usicheze na maandiko."

"Sichezi. Nauliza kama mwalimu ana thamani ya ng'ombe."

Alfayo alikwenda kutazama migomba yake. Alisimama katikati ya migomba akamkumbuka Nyamoita, mjane mmoja wa kanisa lao. Miaka mitatu nyuma Nyamoita alionekana kwenye soko la Daraja Mbili, Kisii, siku ya Sabato akiuza ndizi, ili mtoto wake asifukuzwe shule. Kikao kilimwita, na aliyesimama kusoma kosa lake alikuwa Alfayo Ombui, kwa sauti yake ya darasani, safi, yenye kituo mahali pa kituo. Nyamoita alilia akakaa nje ya ushirika mwaka mzima. Sasa yeye apande gari siku ile ile, kwenda mji ule ule, kutafuta daraja? Hapana. Hata kama Mungu angefumba jicho, Nyamoita angekuwa amefumbua yote mawili.

Aliamua kutokwenda. Akajifariji kwamba Manasseh naye hatakwenda, na nafasi itapotea kwa wote wawili. Faraja hiyo ilikuwa tamu kuliko ilivyostahili, naye alilijua hilo.

Ijumaa ya kuamkia mahojiano, saa tisa, alikuwa Masimba akinunua mafuta ya taa kabla jua halijatua, alipomwona Manasseh kituoni. Alikuwa amevaa suti ya buluu, viatu vimepakwa kiwi, faili kwapani. Wakasalimiana.

"Safari njema, Ogari."

"Asante, Mwalimu. Tuombeane."

Tuombeane. Neno hilo Alfayo alitembea nalo mlima mzima, na mafuta ya taa yakimmwagikia mguuni hakuyasikia.

Kesho yake kanisani alikaa mbele pamoja na wazee, akiutazama mwanya kwenye benchi la nne ambako Manasseh hukaa. Wimbo uliimbwa. Ilipofika saa tatu alitoa saa yake mfukoni. Sasa anaingia. Sasa anaulizwa jani hupikaje chakula, na atasema nini, yule asiyewahi kulichemsha jani hata moja? Mchungaji alihubiri juu ya subira. Alfayo aliona wivu wa kila namna siku hiyo: wa suti, wa ile miaka ishirini na sita, wa mjomba mwenye mlima. Lakini uliomchoma zaidi aliona aibu hata kuupa jina. Alimwonea Manasseh wivu wa dhambi yake. Kijana alithubutu kutenda dhambi ile, na yeye hakuthubutu.

Wiki tano baadaye ikatangazwa kwamba Manasseh Ogari amechaguliwa. Mzee Obwocha alichinja fahali. Onsongo alihutubia kwa Kiingereza. Jumapili iliyofuata washiriki waliitwa kanisani kupanga maombi ya kumuaga ndugu anayevuka bahari, na mchungaji alipouliza kama kuna neno, Alfayo alisimama.

"Nina neno," alisema. "Tulimtenga mama mjane kwa sababu ya mikungu miwili ya ndizi. Leo tunataka kumwombea kijana aliyeikanyaga Sabato kwa miguu miwili, akaenda mahojiano. Au Sabato ni ya wajane tu?"

Nyamoita, kwenye benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Manasseh alisimama polepole. Hakuwa amekasirika, na hilo Alfayo alilikumbuka baadaye kuliko yote.

"Mwalimu amesema kwa uchungu wa Sabato, simlaumu," alisema Manasseh. "Ijumaa nilikwenda Kisii kabla ya jua kutua ili nisisafiri siku ya Bwana. Sabato nilisali na kanisa la mjini, mchungaji wa kule ananijua. Mahojiano nilifanya Jumapili saa nne." Akatoa karatasi kwenye Biblia yake na kumpa mchungaji.

Mchungaji aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba, kufuatia ombi la mkuu wa shule, Bwana M. Ogari atahojiwa Jumapili kwa sababu ya imani yake. Jina lilikuwa moja tu.

Alfayo alikuwa bado amesimama. Mtu mmoja alinong'ona neno, na neno lile likapita benchi kwa benchi, halikuhitaji kutafsiriwa: wivu. Kikao hakikuchelewa. Alfayo alivuliwa uzee wa kanisa kwa miezi tisa kwa kumshuhudia ndugu yake uongo. Aliyesoma uamuzi alikuwa kijana wa kwaya, na hakuweka kituo mahali pa kituo.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Onsongo bila kubisha.

"Nilikuuliza kama kuna njia."

"Uliuliza," alisema Onsongo. "Ogari hakuuliza. Ogari alileta barua ya mwenyekiti. Barua nikiletewa naijibu kwa barua. Swali la mdomo nalijibu kwa mdomo."

"Ungeweza kuandika majina mawili katika barua ile ile."

"Ningeweza." Onsongo aliegemea kiti. Hakuwa mtu mkatili, na alikuwa na watoto saba. "Halafu? Mngehojiwa wote. Wewe ungemshinda, nani hajui kwamba ungemshinda? Na Mzee Obwocha angeniuliza mimi namfanyia nani kazi. Mwalimu, lile shamba unalolima, baba yako alipewa na nani?"

Baba yake alifika mlima ule na mke, mbuzi wawili na jembe, akitoka ukoo wa mbali. Miaka arobaini baadaye watoto wake walikuwa bado wageni.

"Alipewa na nani?"

"Na baba yake Mzee Obwocha."

"Basi tusichimbue." Onsongo akavuta faili. "Na kule kwenye mahojiano wameandika hukufika wala hukutoa sababu. Nimewaambia wasikuweke alama mbaya. Hilo nimekufanyia." Akafungua ukurasa mwingine. "Kuna jambo jingine. Kila mwalimu anayekwenda atachukua kifaa cha kufundishia kilichotengenezwa kwa vitu vya kwao. Ogari atachukua ile mizani. Mpe na mawe."

"Ile ni yangu."

"Uliitengeneza ukiwa unalipwa na nani? Ni mali ya shule. Mpe kabla ya Jumatano ya wiki ijayo."

Manasseh mwenyewe alikuja nyumbani Jumapili kuomba radhi, kuku mkononi, kwa maana alikuwa amelelewa vizuri. Alisema hakujua kwamba jina la Mwalimu halikuandikwa. Alfayo alimtazama usoni akitafuta uongo na hakuuona, na kukosa kuuona kulimwumiza. Adui mwovu angemrahisishia kazi.

"Mwalimu, nifundishe jinsi ya kuieleza hiyo mizani," alisema Manasseh. "Wakiniuliza nisiaibike."

Alfayo alimfundisha saa nzima. Alimwonyesha mhimili, akamwonyesha namna ya kujua mizani inayodanganya: badilisha vitu sahani kwa sahani. Ubovu ukibaki upande ule ule, kosa ni la mizani. Ukihama na mawe, kosa ni la mawe. Manasseh aliandika, akaitazama saa yake, akaacha kuandika.

"Mawe utayapata kesho," alisema Alfayo. "Nataka kuyasafisha."

Kijana alipoondoka, Alfayo alikaa kwenye kivuli cha nyumba na kijisu chake na kipande cha msasa. Kengele ya Wakatoliki ilikuwa inalia ng'ambo ya bonde. Alilichukua jiwe la hamsini, lile alilolitupa mara sita, akaligeuza juu chini, akaanza kulikwangua. Jiwe la sabuni ni laini, halibishani. Unga mweupe ulimwangukia magotini. Maandiko juu ya mizani ya hila aliyajua kwa kichwa, na aliendelea kukwangua. Aliwaona Wazungu wamekaa mstari, wanamwambia Ogari apime. Ogari anapima, jiwe linamsaliti mbele ya watu, mmoja anamwuliza: bwana, hiki nani alikutengenezea, nawe umejifunza nini? Aliisikia aibu ile mpaka ikamwasha masikio, kama ilivyomwasha yeye kanisani. Alitoa gramu nne, kwa kukisia kwa mkono, na mkono wake haukuwa mkono wa kukisia vibaya. Kisha akalisugua chini mpaka likang'aa.

Persis alitoka na kumkuta anapanguza unga. "Umelipunguza?"

"Lilikuwa limezidi."

Persis alilitazama lile jiwe, akarudi jikoni.

Kisha Alfayo alingoja. Alifundisha uzito kwa misumari na punje za mahindi, na kila Ijumaa alimwuliza karani kama kuna barua kutoka kwa Ogari. Barua zilikuja. Nairobi iliisifu mizani. Uingereza walimpiga picha akiwa nayo, na picha ikatoka gazetini: Manasseh na koti zito, mizani ya mkaratusi mbele yake, mawe yamepangwa kwa ukubwa kwenye kitambaa cheusi. Alfayo aliisogeza picha karibu na dirisha. Jiwe la nne lilikuwa mahali pake. Wamelitazama, wamelipiga picha, wamelisifia mng'ao. Katika mwaka mzima hakuna aliyelipima.

Wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Alfayo alikonda mpaka Persis akapunguza suruali zake. Miezi tisa ya kanisa ikaisha, akarudishiwa uzee, lakini hakuombwa tena kusoma.

Mwezi wa Aprili mwaka wa sabini na tatu, shule zikiwa zimefungwa, walimu wa sayansi wa shule za harambee waliitwa Nyamira kwa semina ya siku mbili. Mradi mpya ulikuwa umeanzishwa kuleta sayansi mashuleni kwa vifaa vya nyumbani, na mshauri wake alikuwa Bwana Manasseh Ogari, S1. Walimu walikuwa arobaini. Wengi walikuwa wa madaraja ya chini, P2 na P3, waliopewa sayansi kwa sababu walikuwa wa mwisho kufika siku ya kugawa masomo. Kwa Alfayo yalikuwa mafunzo ya kwanza kuitiwa katika maisha yake. Alivaa koti. Hilo nalo lilimtia uchungu, kwamba alifurahi kuvaa koti.

Meza ya mbele ilifunikwa kitambaa cheusi. Juu yake ilikuwa mizani yake mwenyewe, ufito umepakwa vanishi, na kando yake masanduku madogo ya mbao, moja kwa kila mwalimu.

"Kabla sijaanza," alisema Manasseh, "nataka mjue mizani hii ilianzia shule yetu. Mwalimu Ombui yule pale alinisaidia sana."

Wakapiga makofi. Alinisaidia. Alfayo aliinama kidogo.

"Mawe yaliyomo kwenye masanduku yenu yamechongwa Tabaka, sanduku mia mbili," aliendelea Manasseh. "Kila jiwe limelinganishwa na lile la asili, lile nililokwenda nalo Uingereza. Kwa hiyo kuanzia muhula ujao kila shule itakuwa na gramu moja, ile ile. Atakayetumia mawe ya kuokota ayatupe. Mkaguzi atauliza haya."

Alfayo alifungua sanduku lake. Alilitoa jiwe la nne, akaliweka kwenye kiganja. Mkono wake ulilitambua kabla ya macho. Mia mbili. Mia mbili mara gramu nne. Jasho lilimtoka shingoni chini ya koti.

"Mwalimu Ombui, tafadhali njoo utuonyeshe. Tuanze na rahisi kabisa. Mia moja upande huu, hamsini mbili upande huu. Chukua moja kwenye sanduku la jirani yako."

Alikwenda. Miguu ilimpeleka kama inavyompeleka mtu aliyeitwa na mkuu. Aliweka mia kwenye sahani ya kushoto. Aliweka hamsini mbili kwenye ya kulia. Ufito ulicheza, ukafikiri, kisha upande wa mia ukashuka mpaka mezani na kukaa huko.

Walimu arobaini walitazama. Mwalimu mmoja wa makamo, mwenye mwavuli, alikohoa. "Labda ni mawe?"

"Mawe yamethibitishwa na wataalamu," alisema Manasseh kwa upole. Akainama, akaitazama mizani yenyewe. "Ni huu ufito. Umesafiri sana, umepinda. Mizani yako imezeeka, Mwalimu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima.

Alfayo alisimama mikono ikiwa hewani. Kilichohitajika kilikuwa kitu kimoja, cha sekunde tano: hamisha mawe, la kushoto kulia, ya kulia kushoto. Wanafunzi wake wa Kidato cha Pili wangepiga kelele. Aliwatazama walimu wale mmoja mmoja, akisubiri mmoja aseme. Kalamu zilikuwa tayari juu ya daftari. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyewahi kufundishwa. Alimtazama Manasseh. Manasseh alikuwa amefundishwa, saa nzima, na kuku alikuwepo shahidi. Lakini alikuwa ameitazama saa yake.

Alifungua mdomo. Akaona jinsi itakavyosikika. Alfayo Ombui, yule yule, amesimama tena mbele ya watu kumshtaki Ogari. Na wakimwuliza amejuaje, ingembidi aseme ni kijisu cha nani. Kemuma alikuwa Kidato cha Tatu na bado alihitaji karo. Shamba lilikuwa la ukoo wa Mzee Obwocha. Mdomo ukafungwa polepole, kama mlango wa mtu ambaye hataki kuamsha watu.

"Kuna udongo pale nje," alisema Manasseh, akitaka kumwokoa. "Bandika kidogo chini ya sahani nyepesi. Mwalimu mzuri hashindwi na kifaa."

Alfayo alitoka. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa laini. Alichukua donge, akarudi, akapiga magoti ili macho yake yalingane na ufito. Alibandika. Akaongeza. Akapunguza kwa ukucha, kwa uangalifu ule ule wa duka la Mhindi, mpaka ufito ukatulia sawasawa.

"Mnaona," alisema Manasseh. "Andikeni."

Kalamu arobaini zikaandika. Manasseh alimpa Alfayo mkono, akawaambia wote kwamba mizani ile isiguswe tena, ibaki hivyo hivyo kama ilivyo, kwa kuwa kesho itaanza kuzungushwa shule zote za wilaya. Alfayo alirudi kitini na kuifuta mikono kwa leso. Pale mbele mizani ilikuwa imesimama sawa juu ya kitambaa cheusi, na chini ya sahani ya kulia donge la udongo lilikuwa bado bichi, lina alama ya kidole gumba chake.